Maji kwenye moyo, saratani kwenye pafu: kisa cha mama wa Ngamiani

Mgonjwa ni mama wa miaka 56, mkazi wa Ngamiani, Tanga mjini. Jina lake nalihifadhi. Tangu akiwa binti anauza vitumbua na mihogo ya kukaanga barazani kwake. Hajawahi kuvuta sigara, hana kisukari, na presha alipimwa mara ya mwisho kliniki ya wajawazito, alipokuwa na mimba ya kitinda mimba wake. Moto wake ni wa kuni na makumbi ya nazi. Hilo la moto naliandika mapema kwa sababu katika karatasi zake zote za hospitali hapana mahali palipoonyesha kwamba aliulizwa anapikia nini.

Kilichomfikisha kwa daktari mara ya kwanza hakikufanana na saratani hata kidogo. Alianza kushindwa kuinama. Akiinama kuchochea moto pumzi zinakata, akisimama zinarudi. Wiki chache baadaye hawezi kulala chali. Bintiye akamwekea mito mitatu, mwishowe akawa anausubiri usiku ameketi, ameegemea ukuta. Jioni miguu inavimba. Mwili ulikuwa umeshaanza kupungua, lakini Ramadhani ilikuwa ndiyo kwanza imepita na kila mtu nyumbani akasema ni mfungo. Kikohozi kilikuwepo pia, kikavu, cha miezi kadhaa. Mwenyewe alikiita cha moshi, na wateja wake walikizoea.

Zahanati alikoanzia waliona miguu imevimba, pumzi fupi, mapigo yanakwenda mbio. Wakaandika moyo kushindwa kufanya kazi na kumpa vidonge vya kukojoza. Kwa dalili zile, wengi wangeandika hivyo hivyo. Ila mama hakupata nafuu. Kadiri alivyokojoa ndivyo alivyozidi kuishiwa nguvu, na siku ya nne akaanguka akielekea msalani. Hapo ndipo ukoo ulipomkodia bajaji mpaka hospitali kubwa.

Kule alipigwa eksirei, kivuli cha moyo kikaonekana kimepanuka pande zote mbili. Kipimo cha umeme wa moyo kilitoa mawimbi mafupi kupita kawaida. Eko, yaani picha ya moyo ya altrasaundi, ikamaliza ubishi: moyo wenyewe ulikuwa mdogo na unasukuma vizuri, ila ulikuwa unaelea. Mfuko wake ulikuwa umejaa maji.

Hapa pana jambo la kueleza, maana bila hilo kisa hiki hakieleweki. Moyo umo ndani ya mfuko mwembamba wenye matabaka mawili. Kati ya matabaka hayo huwa na maji kidogo sana, mililita 15 hadi 50, ya kulainisha tu. Yakiingia kwa ghafla, mililita 200 zinatosha kumuua mtu. Yakiingia polepole mfuko unatanuka taratibu na unaweza kubeba lita nzima na zaidi kabla mgonjwa hajaanguka. Maji ya TB na maji ya saratani mara nyingi huingia hivyo, polepole, ndiyo maana humkuta mtu bado anatembea na bado anafanya biashara yake. Vyumba vya kulia vya moyo vina kuta nyembamba, kwa hiyo ndivyo hubanwa kwanza. Damu inayorudi kutoka mwilini inakosa pa kuingilia, inarundikana kwenye mishipa ya shingo, kwenye ini, kwenye miguu. Mapafu yanabaki makavu. Ukikuta mgonjwa anatweta, shingo imetuna, miguu imevimba, lakini mapafu yakisikilizwa ni safi, fikiria mfuko wa moyo kabla hujaandika dawa yoyote.

Na vidonge vya kukojoza? Moyo uliochoka kusukuma hupata nafuu mwili ukipunguziwa maji. Moyo uliobanwa kwa nje unataka damu irudi kwa wingi na kwa msukumo, angalau vyumba vyake vipate kufunguka. Ukimkojoza mgonjwa wa namna hii unampunguzia hata kile kidogo kinachoingia, presha inashuka, anaanguka. Mama huyu alianguka kwa sababu hiyo.

Alichomwa sindano chini kidogo ya chembe cha moyo, ikiongozwa na altrasaundi, yakatoka mililita 700 za maji yenye rangi ya damu. Sampuli iliwekwa kwenye chupa moja na kupelekwa kwenye mashine ya GeneXpert kutafuta vimelea vya TB. Havikuonekana. Kipimo cha VVU kilikuwa hasi. Pamoja na hayo akaanzishiwa dawa za TB, zile nne katika kidonge kimoja, na prednisoloni, dawa ya kupoza uvimbe, juu yake. Baada ya siku chache akaruhusiwa, analala chali, anakula.

Je, kuanzisha dawa za TB kulikuwa kosa? Nimelifikiria sana, na jibu langu ni hapana. Katika nchi zetu TB ndiyo sababu kubwa ya maji mengi kwenye mfuko wa moyo. Rangi ya damu haikumaanisha saratani, kwa kuwa maji ya TB nayo mara nyingi huwa na damu. GeneXpert, inayofanya kazi nzuri sana kwenye makohozi, kwenye maji ya mfuko wa moyo hukosa wagonjwa wengi, kwa hiyo jibu hasi halimwondoi mtu kwenye TB. Hata utafiti mkubwa ulioongozwa na Bongani Mayosi wa Afrika Kusini, uliochapishwa mwaka 2014 ukiwa na wagonjwa 1,400 wa Afrika, ulipokea wenye TB iliyothibitishwa pamoja na wale ambao TB ilikuwa inaelekea tu kuwa ndiyo. Daktari akisubiri uthibitisho kamili kila mara, atapoteza watu.

Lawama yangu iko mahali pengine, napo ni padogo. Chupa ilikuwa moja. Hakuna tone lililopelekwa patholojia kuangaliwa chembechembe zake kwa hadubini. Na kwenye kadi ya kliniki ya TB hapakuandikwa tarehe ya kurudia eko. Mgonjwa alirudishwa nyumbani na jina la ugonjwa ambao haujathibitishwa, na hakuna kilichopangwa cha kuja kulihoji jina hilo.

Halafu ikaja nafuu, na nafuu hiyo ndiyo iliyopoteza wiki. Mama alikuwa mzima kweli. Alirudi barazani. Mkojo ulikuwa wa rangi ya machungwa, kama alivyoambiwa utakuwa, na hilo likawathibitishia nyumbani kwamba dawa inafanya kazi. Kliniki walimpima uzito, umepungua kilo mbili, wakamsisitizia kula. Lakini tukiangalia kwa makini, nini kilimpa nafuu? Sindano ilitoa mililita 700 zilizokuwa zinambana moyo, na prednisoloni ilipoza uvimbe na kumrudishia hamu ya chakula. Vyote viwili vingemsaidia kwa muda hata kama hana TB. Wiki mbili za kujisikia vizuri haziwezi kutenganisha TB na saratani mtu akiwa ametolewa maji siku ileile aliyoanza vidonge. Kikohozi, ambacho sindano haikukigusa, kilibaki vilevile. Uzito nao uliendelea kushuka.

Wiki ya tano akarudi anatweta. Ndipo nilipoitwa kumwona.

Alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, miguu inaning'inia, mikono imeng'ang'ania godoro. Ushungi wake umebanwa vizuri kwa pini chini ya kidevu. Presha 88 kwa 60, mapigo 124 kwa dakika, pumzi 32. Mapafu yalisikika vizuri. Mapigo ya moyo yalisikika kwa mbali.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu." Hata hilo lilimchosha.

"Mama, naomba niione shingo yako."

Akamtazama muuguzi. Muuguzi wa zamu, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya upole, akavuta pazia mpaka mwisho na kumwomba kijana aliyekuwa akimlisha mama yake kitanda cha pili atoke kidogo. "Hakuna mtu, dada yangu. Ni mimi na daktari tu." Pini ikatolewa, ushungi ukashushwa mabegani.

Mishipa ya shingo ilikuwa imetuna hadi chini ya taya, na mgonjwa ameketi wima. Muuguzi alikuwa ameshika mshipa wa mkono kuhesabu mapigo, akaniambia, "Daktari, akivuta pumzi unapotea." Nikapima upya kwa mashine ya presha ya kusikiliza kwa sikio: kila mama alipovuta pumzi presha ya juu ilishuka kwa 20. Kwa kawaida haishuki zaidi ya 10. Kisha vidole vikapita juu ya mtulinga wa kushoto, nyuma ya msuli, vikakuta kitezi. Ukubwa wa punje ya mbaazi, kigumu, hakiumi, hakisogei.

Kwenye faili la kulazwa mara ya kwanza, sehemu ya shingo imeachwa tupu. Siulaumu ushungi. Kuomba ruhusa, kuvuta pazia na kumwita muuguzi wa kike ni kazi ya dakika mbili, na mama za pwani hawakatai wakiombwa kwa heshima. Lakini shingo ya mama huyu ilikuwa na habari mbili kwa pamoja: moyo unabanwa, na kuna ugonjwa umeshasafiri kutoka mahali. Kitezi kigumu juu ya mtulinga ni alama ya kuchukuliwa kwa uzito kila mara, iwe kwa mgonjwa wa moyo, wa tumbo au wa kifua. TB nayo huvimbisha tezi za shingo, hilo ni kweli, ila mara nyingi huwa kadhaa, zinashikana, na baadhi hulainika katikati. Hiki kilikuwa kimoja na kigumu.

Safari hii yalitoka mililita 900, na mrija mwembamba ukaachwa ndani mpaka yanayotoka yalipokuwa chini ya mililita 30 kwa siku. Maji yaligawanywa kwenye chupa tatu: ya vimelea, ya kemia na hesabu ya seli, ya patholojia. Ile ya patholojia ilijazwa kwa wingi, kwa sababu kijiko kimoja cha maji kinaweza kukosa chembe za saratani hata kama zipo. Kitezi kikakatwa kipande cha kupeleka maabara, chini ya ganzi, jeraha la nyuzi mbili. Hicho ndicho kilichokuwa kipimo rahisi kuliko vyote, na kingeweza kufanyika wiki tano kabla.

Majibu ya maji na ya kipande cha kitezi yalikubaliana. Saratani ya aina ya adenokasinoma, inayoanzia kwenye seli za kutoa ute, na rangi maalumu za maabara zikaonyesha imeanzia kwenye pafu. Siti skani ya kifua ikaonyesha uvimbe wa sentimita 2.5 sehemu ya chini ya pafu la kushoto, nyuma kabisa ya moyo. Eksirei zake mbili zisingeweza kuuonyesha: kivuli cha moyo uliojaa maji kilikuwa kimeufunika. Moyo ulipiga kelele kwanza, na kwa kupiga kelele ukamficha mwenye kosa.

Saratani hufikaje kwenye mfuko wa moyo? Njia ya kawaida ni mifereji ya limfu, majimaji ya mwili yanayopita kwenye tezi. Tezi za katikati ya kifua zikivamiwa, limfu iliyokuwa inatoka kwenye mfuko wa moyo inakwama na chembe za saratani zinarudi nayo kinyumenyume. Njia nyingine ni kukua moja kwa moja kutoka pafu jirani, au kusafiri kwa damu. Saratani zinazofanya hivi zaidi ni za pafu na za titi, pamoja na limfoma, saratani ya tezi. Ndiyo maana mama mwenye maji ya moyo yasiyo na sababu anapaswa kuchunguzwa matiti na makwapa siku hiyohiyo, pazia likiwa bado limefungwa.

Kuhusu moshi, sitasema kuni zilimpa saratani. Siwezi kuthibitisha hilo kwa mtu mmoja. Ninachoweza kusema ni kwamba taasisi ya kimataifa ya utafiti wa saratani, IARC, imeuweka moshi wa kuni za majumbani kwenye kundi la vitu ambavyo yamkini vinasababisha saratani kwa binadamu, na kwamba aina hii ya saratani ya pafu huwapata pia wanawake wasiowahi kushika sigara. Kumwondolea mgonjwa saratani ya pafu kichwani kwa sababu tu havuti ni kumfungia mlango.

Kwamba moyo na mishipa vinaweza kutangulia kuisema saratani si habari mpya. Daktari Mfaransa Armand Trousseau alieleza mwaka 1865 uhusiano kati ya damu kuganda kwenye mishipa na saratani iliyojificha. Miaka miwili baadaye damu iliganda kwenye mkono wake mwenyewe, akajua kinachomsubiri, na mwaka huohuo wa 1867 akafa kwa saratani ya tumbo. Mguu uliovimba upande mmoja kwa damu kuganda, bila safari ndefu, bila upasuaji, bila uzazi wa karibuni, bado leo unatufanya tuulize swali lake. Kwa upande wa mfuko wa moyo, watafiti wa Denmark walichapisha mwaka 2017 uchunguzi wa wagonjwa zaidi ya 13,000 ambao mfuko huo ulivimba na kuuma (perikaditisi). Ndani ya miezi mitatu ya kwanza, karibu 3 katika kila 100 walikutwa na saratani, kiwango cha juu mara nyingi kuliko kilichotarajiwa kwa watu wa umri wao. Denmark si Tanga, kule TB ni nadra. Hesabu ile siihamishii hapa. Ninachochukua ni mpangilio wa muda: saratani ikiwapo, hujitokeza mapema, ndani ya wiki na miezi ya mwanzo, wakati ambao mgonjwa wetu bado yuko kliniki ya TB anahesabiwa vidonge.

Nisieleweke vibaya. Wengi wanaokuja na moyo uliopanuka Tanga wana presha ya miaka mingi, au vali zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi ya utotoni, au msuli wa moyo uliodhoofika. Hawana saratani, na kuwatisha ni dhuluma. Kilichomtofautisha mama huyu ni mkusanyiko: maji mengi, kikohozi cha miezi, uzito unaoshuka hata baada ya hamu ya kula kurudi, TB isiyoonekana, na maji kurudi akiwa anameza dawa vizuri. Kurudi kwa maji peke yake kungetosha kuanza upya.

Majibu yalipofika, mtoto wake wa kiume alinifuata kwenye korido. "Daktari, mama asiambiwe. Tuambie sisi." Namheshimu, alikuwa anamlinda. Lakini mama mwenyewe, siku iliyofuata, aliniuliza kabla sijakaa: "Mwanangu, kile kitezi mlichokikata kimesema nini?" Aliyeuliza ana haki ya kujibiwa. Nilimwambia mbele ya bintiye, polepole, kwa jina lake hasa, saratani. Alinyamaza kidogo, akauliza kama inaambukiza wajukuu. Haiambukizi. Akauliza kama ataweza kulala chali. Hilo niliweza kumwahidi.

Alipelekwa Dar es Salaam. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete ipo kwenye eneo la Muhimbili, na Ocean Road, taasisi ya saratani, haiko mbali nayo, kwa hiyo familia iliweza kupanga chumba kimoja na kuhudhuria kote kuwili. Upasuaji mdogo ulifungua kidirisha kwenye mfuko wa moyo ili maji yakitengenezwa tena yapate njia ya kutoka bila kuubana moyo. Kisha kemotherapi. Nauli, chumba na chakula vilitoka kwenye kikoba cha wanawake wa mtaani kwake na mchango wa ukoo.

Dawa za TB zilisimamishwa, na hili lilizua mabishano. Wapo walioona ziendelee miezi sita, kwa usalama. Mimi nilikuwa upande wa kusimamisha. Hapakuwa na ushahidi wowote wa TB, si kwenye maji, si kwenye kipande cha kitezi, si kwenye makohozi. Maelezo kamili ya ugonjwa yalikuwa yamepatikana. Zaidi ya hapo, rifampisini, moja ya zile dawa nne za TB, huliamsha ini livunje dawa nyingine kwa kasi, zikiwemo vidonge vinavyolenga mabadiliko ya jeni katika baadhi ya saratani za pafu. Kama kipimo cha jeni kingeonyesha anafaa vidonge hivyo, rifampisini ingevidhoofisha. Dawa isiyo na kazi mwilini mwake ilikuwa inaweza kumzibia dawa yenye kazi.

Je, kugundua wiki tano mapema kungemponya? Hapana. Saratani ya pafu ikishafika kwenye mfuko wa moyo imeshasambaa, na matibabu ni ya kurefusha maisha na kupunguza mateso. Lakini kungemwepusha na kubanwa moyo mara ya pili, hali ambayo angeweza kufa nayo usiku mmoja nyumbani, na kungempa wiki tano za kemotherapi akiwa na kilo alizozipoteza. Aliishi miezi tisa baada ya kidirisha. Sehemu kubwa ya miezi hiyo alilala chali. Ugonjwa ulimmalizia kwenye ubongo. Maji hayakurudi kuubana moyo.

Kwa wenzangu wa kliniki, ninachokiomba kwa kila anayeanzishiwa dawa za TB ya mfuko wa moyo bila uthibitisho ni vitu vitatu kwenye kadi: chupa ya patholojia imepelekwa lini, shingo na makwapa na matiti vimechunguzwa na nani, na tarehe ya eko ya kurudia, isipite wiki ya nne. Maji yakiwa yamerudi siku hiyo, sindano ya pili itoe sampuli ya kutosha hata kama ya kwanza ilipelekwa patholojia ikarudi safi, kwa sababu jibu safi mara moja halitoshi. Kwa ndugu wa mgonjwa, swali la kumuuliza daktari ni moja: maji yaliyotolewa yalipimwa TB peke yake, au na saratani pia?